Ukingo Uliokataa Kukauka

Jina lake halisi watu walikuwa wameshalisahau. Miaka yote aliyosimama nyuma ya meza ya dobi, akinyoosha mashati ya watu wenye mikutano na magauni ya watu wenye harusi, alijulikana kama Mama Pasi, na alipostaafu jina likamfuata nyumbani. Kazi ile ilimwachia mkono unaokunja kila kitambaa kinachopita mbele yake, hata cha kufutia sufuria. Ilimwachia pia nyonga ya kushoto iliyozeeka kabla ya mwenyewe.

Aliishi ghorofani. Nyumba haikuwa kubwa: vyumba viwili na jiko juu, vyumba viwili na jiko chini, na ngazi ya mbao iliyopanda kwa nje, ubavuni mwa nyumba, kutoka mlango wa chini hadi roshani ya juu. Upande mmoja wa ngazi palikuwa na ukuta mtupu. Upande wa pili kulikuwa na ukingo wa mbao: nguzo, vijiti vilivyopangana kama meno ya kitana, na juu yake mbao ndefu ya kushikia, ambayo ikifika juu hukata kona na kuizunguka roshani. Mwenye miguu mizima angeuona ukingo ule kuwa ni pambo tu. Mama Pasi aliuhesabu kuwa mguu wake wa tatu.

Nyumba yenyewe iliachwa na wakwe zake. Mtoto wao wa kiume alipewa juu, wa kike akapewa chini. Yule wa kiume ndiye aliyekuwa mume wa Mama Pasi. Yule wa kike alikuwa wifi yake, na kwa miaka mingi walikuwa mawifi wa kupigiwa mfano. Wifi naomba chumvi, wifi nitazamie mlango, wifi njoo uone huyu kaka yako anavyonifanyia; hata wapita njia wakadhani hao ni ndugu wa tumbo moja.

Kisha mume akafariki. Kifua kilikuwa kimemsumbua wiki kadhaa, naye hakutaka kusikia habari ya hospitali. Alisema ni vumbi tu, litashuka. Siku waliyotoka kumzika, Wifi alisimama katika jiko la Mama Pasi, mbele za watu, akasema, "Ungekuwa unampenda kweli, ungemburuta."

 Mama Pasi aliinua birika lililokuwa bado linafuka, akamimina chai yote kwenye sinki, na wageni wakabaki na vikombe vitupu mikononi.

Hawakugombana tena baada ya hapo. Kugombana kunataka maneno, na wao hawakuwa nayo. Wakikutana chini ya ngazi, kila mmoja alimpisha mwenzake kwa heshima zote, kama watu wanaopishana kwenye mlango wa benki. Lakini sakafu ya mbao haina siri. Asubuhi Wifi akikohoa na bomba likaanza kuguna, Mama Pasi alijua kumekucha huko chini. Wifi akichelewa kukohoa, Mama Pasi alisimama katikati ya chumba, sufuria mkononi, mpaka asikie. Halafu akaendelea na shughuli zake, akijiambia kwamba hakuwa akisikiliza.

Wakati wa uhai wake, marehemu alikuwa na kazi moja ambayo hakumwachia mtu. Kila kiangazi alichukua siku za mapumziko yake akaukwangua ukingo wote, akaupiga msasa, akaupaka mafuta ya mbao, yale yenye rangi ya kahawia yanayozuia maji yasipenye. Siku hizo Mama Pasi alikuwa kazini. Aliondoka asubuhi ukingo ukiwa na sura ya mgonjwa, akarudi jioni akaukuta unang'aa, na karatasi imebandikwa ukutani: USIGUSE. Alipanda bila kugusa, kwani enzi hizo nyonga ilikuwa bado inamtii.

Baada ya msiba, hakuna aliyeugusa ukingo. Jua likaupausha, mvua ikaupasua, ukawa wa kijivu kama jivu la jana. Asubuhi moja Mama Pasi akishuka kwenda kununua mkate, kibanzi kikamwingia kiganjani. Alikitoa kwa sindano, akamsimulia binti yake kwenye simu. Binti alikuwa ameolewa mbali, na hupiga simu kila Jumapili.

"Mama, tafuta fundi."

Fundi akatafutwa. Akaja, akagongagonga nguzo kwa kifundo cha kidole, akatikisa kichwa kama daktari anayetafuta namna ya kuanza. "Mama, hii tung'oe. Tuweke chuma. Chuma hakina maneno."

"Na kikishika kutu?"

"Si unapaka rangi tu."

"Kumbe kupaka kuko pale pale. Basi wacha nipake hii hii."

Fundi akacheka, akaenda zake. Mama Pasi akaenda duka la vifaa vya ujenzi. Muuzaji, kijana mstaarabu, akamfungulia makopo aone rangi. Akachagua kahawia iliyoiva, inayokaribia ile ya marehemu. "Kwangua, piga msasa, futa vumbi, osha, uache mbao ikauke kabisa," kijana akamwelekeza. "Halafu unapaka. Usiogope, mbao iliyokaa sana ina kiu." Pengine alikuwa na jambo jingine la kuongeza, lakini mteja mwingine aliulizia misumari, akageuka.

Kukwangua peke yake kulimla siku nyingi. Alifanya akiwa amesimama, mkono mmoja umeshika, mwingine unafanya kazi, kidato kwa kidato. Vumbi la msasa lilishuka likatanda kwenye dirisha la Wifi, na kila jioni lilikuwa limeshafutwa, bila neno. Chini ya ule ujivu mbao ilianza kutokea, nyekundu kwa mbali, ikinuka kama siku ilipokatwa. Mama Pasi alisimama akaitazama mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alitamani kumwonyesha mtu.

Siku ya kupaka alianzia chini, akipanda, ili kila wakati awe na mbao kavu mbele yake ya kushika. Ilikuwa akili nzuri. Alichovya brashi akapaka nguzo, vijiti, mbao ya juu. Na kwa kuwa aliambiwa mbao ina kiu, aliinywesha. Penye kunywa haraka akaongeza, na pasipokunywa akaongeza vilevile, asije akaonekana mchoyo. Dirisha la Wifi likafungwa kwa sababu ya harufu. Kufikia alasiri alikuwa juu, amemaliza hadi kona ya mwisho ya roshani, mgongo unamuuma na roho imetulia. Akageuka kuitazama kazi yake. Ukingo wote uling'aa kutoka juu hadi chini, mafuta mabichi matupu, hakuna hata sehemu ya kuweka kidole.

Ndipo akajiona alipo: juu, na hana pa kushika ashuke. "Mchimba kisima huingia mwenyewe," akasema kwa sauti, akacheka peke yake. Ndani kulikuwa na unga, mayai, majani ya chai na mkate uliobaki. Kopo lilisema mafuta hukauka kwa siku moja. Mwenye subira hula mbivu.

Kesho yake aligusa: kidole kikanata. Akajipa siku ya pili. Kulikuwa na mawingu na manyunyu membamba ya kuja na kuondoka. Akasema ni unyevu huo. Siku iliyofuata aligusa tena, na ukingo ukamshika kidole kama mtoto asiyetaka mgeni aondoke. Mkate ukaisha, naye akawa anakaanga unga kwa maji na chumvi. Akakaa kwenye kiti dirishani.

Ilikuwa ni mara ya kwanza tangu azaliwe kukaa ndani muda huo bila kuumwa. Akaanza kujiuliza ni nani atakayeona kwamba hajashuka. Muuza mkate, labda; kila asubuhi alikuwa akimwambia, "Leo wa moto, mama." Lakini kutoka dirishani alikuwa akimwona, anawahudumia watu, anacheka na kila mtu, na hakutazama juu hata mara moja. Mwenye duka la mboga alipita na toroli lake akiimba. Mama mmoja aliyezoea kumsalimia kila siku alipita akasalimia ngazi tupu, kwa mazoea, bila kusubiri jibu. Mama Pasi hakuwalaumu. Alijaribu kukumbuka kama yeye mwenyewe angeona siku muuza mkate akikosekana. Angeona kwamba hakuna mkate.

Binti alipiga simu. "Mama, hujambo? Ukingo umeisha?"

"Umeisha. Umependeza."

"Umeona? Na ulikuwa unaogopa bure. Umetoka leo?"

Mama Pasi akatazama mlango uliokuwa wazi na ukingo unaong'aa nje yake. Akimwambia kweli, binti angehangaika, angepigia watu simu, angelia, na mwisho angerudia ile habari ya kuuza sehemu yake ya nyumba akaishi kwao. "Nilitoka kidogo," akasema. Akauliza habari za wajukuu, akajibiwa kwamba wamelala, wakaagana.

Asichoweza kujizuia ni kumsikia Wifi. Siku zile alimsikia kuliko wakati wowote: mlango, bomba, kikohozi, kiti kikivutwa. Mara kadhaa alisikia mlango wa chini ukifunguliwa, kisha kimya kirefu pasipo nyayo za kutoka, kisha mlango ukifungwa. Angeweza kuita. Ilitosha kwenda roshani na kusema, "Wifi." Alifika hadi mlangoni, akarudi kitini. Miaka minne tangu msiba ni mingi kuanza tena kwa kuomba mkate.

Mwishowe unga nao ukapungua, na akaona hii sasa si subira, ni ujinga. Akachukua kitambaa cha zamani, akakizungushia kiganjani, akatoka. Alishika mbao ya juu kupitia kitambaa, akashuka kidato cha kwanza, kisha cha pili. Alipotaka kusogeza mkono, kitambaa hakikutoka. Kilikuwa kimeganda. Akavuta, kikang'oka ghafla, mkono ukaenda hewani, mguu ukakosa kidato, akakaa chini kwa kishindo, ukuta ukimkwangua bega. Nyonga ikapiga ukelele ambao yeye mwenyewe hakuupiga.

Mlango wa chini ulifunguka kabla hajavuta pumzi.

Wifi alisimama chini ya ngazi, ushungi umemteleza, amevaa viatu visivyofanana. Walitazamana.

"Umevunjika?"

"Sijui. Sidhani."

"Sogeza mguu."

Mama Pasi akausogeza. Ulisogea, ukiwa na malalamiko.

"Hujavunjika," Wifi akasema. Akanyoosha mkono akagusa ukingo kwa kidole kimoja, akakitazama kidole, akanusa. Uso wake ukabadilika, ukawa kama wa mtu aliyekuta chakula cha mwenziwe kimeungua. "Hukufuta."

"Kufuta nini?"

"Mafuta, wifi! Ukishapaka, unasubiri kidogo mbao inywe inachotaka. Kinachobaki juu unakifuta kwa tambara kabla hakijashika. Usipofuta, kinakaa hapo hapo, hakiingii wala hakikauki. Hata ungengoja mpaka mwaka uishe, hii ingekunata."

"Mimi nilijua anapaka tu. Sikuwahi kusikia kwamba anafuta."

"Hakuwa anafuta yeye," Wifi akasema. "Yeye alikuwa anapaka. Mimi nilikuwa nyuma yake nafuta."

Mama Pasi akabaki amekaa pale kwenye kidato. Miaka yote ile alikuwa akirudi kutoka kazini, anaukuta ukingo tayari, anamsifu mumewe, naye mumewe anatabasamu tu. Kumbe siku hizo zilikuwa za watu wawili, kaka na dada, kutwa nzima kwenye ngazi, na yeye hakuwa na habari nazo. Alipofikiri hivyo alihisi wivu kidogo, na baada ya wivu, kitu kingine kilichokuwa kizito zaidi. Alikuwa akidhani aliyefiwa ni yeye peke yake.

Wifi aliingia ndani akatoka na chupa ya tapentaini ya kuyeyushia mafuta na fulana kuukuu zilizochanwa. Akalowanisha tambara, akaanza na nguzo ya chini. Alisugua kwa kufuata mishipa ya mbao, hakukatiza hata mara moja. Tambara likitota mafuta analitupa, anachukua jingine. Pale alipopita, mng'ao wa maji ulitoweka ukabaki wekundu mtulivu. Alipanda kidato kimoja, akafuta, akapanda kingine. Ilimchukua muda mrefu kumfikia Mama Pasi.

Alipofika karibu, Mama Pasi akajivuta pembeni, akaokota matambara yaliyotumika, na mkono wake wa pasi ukaanza kuyakunja, pembe kwa pembe, yakapangana juu ya goti kama leso za kupeleka kwa mteja.

"Usikunje!"

Mama Pasi akashtuka. "Kwa nini?"

"Matambara ya mafuta haya yakirundikwa yanapata joto yenyewe, yanawaka. Yatandaze. Utatuchomea nyumba, na safari hii hakutabakia hata mtu wa kulaumiwa."

Neno lilikuwa limeshatoka. Wifi aliacha kusugua.

"Yale maneno yangu ya siku ile," akasema bila kugeuka, "yalikuwa ya mtu aliyefiwa."

"Na mimi nilikuwa nimefiwa."

"Najua."

"Siku zote hizi nilidhani hujui."

Wifi akabadilisha tambara. "Nilimwambia mimi pia aende hospitali. Alinijibu nisimpigie kelele. Basi ningemlaumu nani? Nikatazama, nikakuona wewe umesimama pale na birika."

Mama Pasi alitandaza tambara moja juu ya kidato, kisha jingine, taratibu, akiyaacha wazi kabisa, jambo ambalo mkono wake ulilikataa. "Ulijua kwamba sijashuka?" akauliza.

"Nilikuwa natoka hapo mlangoni nasikiliza. Nikisikia nyayo zako nasema, haya, mzima. Nikafikiri umeamua tu hutaki kuniona. Sikujua umejifungia kwa brashi."

Mama Pasi akacheka, na kucheka kukamtonesha nyonga, akalia kidogo pia. Wifi naye aliangua kicheko, kile cha zamani chenye kukoroma katikati. Ilikuwa kana kwamba mtu aliyesafiri amerudi na mizigo yake yote.

Walimaliza jioni. Wifi alileta mkate na chai, wakanywa kwenye ngazi, mmoja kidato cha juu, mwingine cha chini yake. Ndipo Wifi aliposema, huku akikipuliza kikombe chake, "Mwanangu amenitengea chumba kwake. Mwisho wa mwezi anakuja kunichukua."

Mama Pasi alisikia vizuri, lakini akamwacha aendelee.

"Anasema nimekaa peke yangu mno. Nikafikiri, kweli. Nimeshakubali, wifi. Wameshapaka na rangi."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia vipi? Nigonge dari?"

 Wakamaliza chai.

Siku zilizobaki walizitumia kama watu waliookota kitu njiani wakijua mwenyewe yuko karibu. Kila asubuhi Mama Pasi alishuka, kiganja kikiteleza juu ya mbao laini isiyonata tena, akapitia chini kabla ya kununua mkate. Alikunja nguo zote za Wifi, akazipanga kwenye mabegi vizuri kiasi kwamba yalihitajika machache kuliko walivyodhani. Walimzungumzia marehemu bila kuogopa. Wifi alimweleza jinsi kaka yake alivyokuwa akiimba nusu ya wimbo kila alipofika kwenye kona ya roshani, siku zote nusu ile ile, kwa kuwa hakujua iliyobaki. Mama Pasi hakuwahi kuusikia wimbo huo. Akaomba aimbiwe, Wifi akamwimbia nusu hiyo, na hakuna aliyejua unakwishaje.

Gari likaja. Mtoto wa Wifi alimwamkia mke wa mjomba wake, akabeba mabegi haraka haraka, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Wifi alisimama mlangoni akatazama chumba kitupu, kisha akamshika Mama Pasi mabega.

"Utakuja kututembelea."

"Nitakuja," akasema Mama Pasi, na wote wawili walijua nyonga ile haiwezi safari ile.

Asubuhi iliyofuata aliamka akangoja. Ilimchukua muda kukumbuka anangoja nini. Chini hakukuwa na kikohozi wala bomba. Kimya kilipanda kupitia kwenye sakafu kikakaa naye chumbani kama mpangaji mpya. Alifungua redio, akaifunga, akaifungua tena. Wiki za mwanzo Wifi alipiga simu mara kwa mara, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na watoto, sahani, televisheni, watu wakimwita bibi, bibi. Mazungumzo yalikatwa katikati. Kisha simu zikawa za mwezi kwa mwezi. Mama Pasi hakuweka kinyongo. Mtu aliyezungukwa na watu ana mengi ya kujibu. Ila alipokata simu, alikuwa akisimama kidogo kabla ya kuiweka mezani.

Sehemu ya chini Wifi na mwanawe wakaipangisha. Akaja muuguzi kijana, mtu mpole, wa zamu; akilala, jua linawaka, na akitoka, wengine wanarudi. Alikuwa na viatu vya mpira visivyotoa sauti, kwa hiyo Mama Pasi hakujua lini yupo na lini hayupo.

Jioni moja walikutana mwanzo wa ngazi. "Shikamoo, mama," muuguzi akasema, akiwa anatafuta funguo kwenye pochi. Akapitisha kiganja kwenye ukingo. "Mbao hii imetulia sana. Nani aliwafanyia?"

"Mimi na wifi yangu."

"Anakaa hapa?"

"Alikuwa anakaa hapo kwako. Sasa yuko kwa mwanawe."

"Aa," muuguzi akasema kwa huruma ya mtu aliyechoka. Akapata ufunguo. "Haya, mama, usiku mwema."

"Na wewe pia."

Mlango ukafungwa taratibu. Mama Pasi alibaki nje kidogo, akaangalia mtaa ukiingia ndani, mlango mmoja baada ya mwingine. Kisha akaanza kupanda, polepole, kwa kuwa hakukuwa na haraka ya kufika.